Ama Hili, Ama Lile: Taarifa Zisizokamilika katika Kanzidata za Mantiki na Usomaji wa Miswada ya Kiswahili

Msomaji wa miswada ya kale ya Kiswahili anapokutana na herufi ba na ta, kila moja ikiwa na fataha juu yake, huwa bado hajasoma neno. Mbele yake yamesimama maneno matatu: bata, ndege wa kufugwa, pata, kitenzi, na mbata, nazi iliyokauka. Hati ya Kiarabu, kwa jinsi ilivyotumiwa na waandishi wa pwani kwa karne kadhaa, haikuwa na herufi ya p, na mara nyingi haikuonyesha nazali inayotangulia b. Kasra ilisimama mahali pa i na pa e. Dhuma ilisimama mahali pa u na pa o. Aliyeandika alijua alichokusudia. Anayesoma leo hajui, lakini kutojua kwake si utupu. Anajua kwamba neno ni moja kati ya matatu, na anajua kwa hakika kwamba si nanasi wala si jahazi.

Ujuzi wa namna hiyo, ambao haujafikia uhakika wala haujashuka hadi ujinga, ndio mada ya mhadhara huu. Swali lenyewe ni jepesi kuliuliza: kompyuta inapokabidhiwa taarifa ya "ama hili, ama lile", iihifadhi vipi bila kuipunguza na bila kuizidisha? Kwa wataalamu wa mantiki na kompyuta swali hili lina umri wa zaidi ya miaka arubaini. Kwa wataalamu wa Kiswahili limekuja kwa kishindo tangu maktaba zilipoanza kuhamisha fahirisi za miswada kutoka kwenye kadi na vitabu kwenda kwenye mashine. Kadi ya karatasi ilivumilia alama ya kuuliza iliyoandikwa kwa penseli pembeni mwa jina la mtunzi. Kisanduku cha kompyuta kilichotengenezwa kupokea jina moja hakikuivumilia.

Ili kulielewa tatizo, inafaa kuanzia mwaka 1970, E. F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipopendekeza kwamba kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa iliyopangwa ili iweze kuulizwa maswali, ichukuliwe kuwa mkusanyiko wa majedwali. Kila mstari wa jedwali ni kauli moja. Mstari wenye "Muswada wa 12" na "Pate" unasema kwamba muswada wa 12 ulinakiliwa Pate. Wanamantiki waliutazama mpango huu na kuona jambo wanalolifahamu: mistari ni kauli za hakika, na juu yake zinaweza kuongezwa kanuni. Kanuni ni kauli ya masharti, kwa mfano: ikiwa muswada ulinakiliwa mahali fulani, na mahali hapo pamo katika funguvisiwa la Lamu, basi muswada huo ni wa funguvisiwa la Lamu. Mashine hupewa kauli na kanuni, kisha huachiwa kazi ya kuzalisha yanayofuata. Mwaka 1977 wataalamu wa fani hii walikutana Toulouse, Ufaransa, na kitabu kilichohaririwa na Hervé Gallaire na Jack Minker kutokana na mkutano huo kilitoka mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya mjadala wa baadaye inarejea kwenye kurasa zake.

Katika kitabu hicho Raymond Reiter alieleza kanuni ambayo watumiaji wa kanzidata walikuwa wakiifuata bila kuitaja. Aliita dhana ya ulimwengu uliofungwa: lisiloweza kuthibitishwa kutokana na yaliyoandikwa, lichukuliwe kuwa si kweli. Mtu asiharakishe kuibeza. Abiria anayetazama ratiba ya mabasi ya kwenda Tanga, asipoona basi la saa tisa usiku, huondoka akiwa na yakini kwamba basi hilo halipo. Hadai ratiba iorodheshe pia mabasi yote yasiyokuwapo. Kanzidata ambayo ingelazimika kutaja kila kisicho kweli isingetosha katika mashine yoyote duniani. Ukimya wa ratiba ni ukanushi, na kila mtu anauelewa hivyo.

Kanuni hii huvunjika pale neno "au" linapoingia. Uchukuliwe mfano wa kubuni: utenzi mmoja, uliopokewa kwa njia ya simulizi katika koo mbili, unasemekana kutungwa na Ali au na Bakari. Kanzidata inaandika kauli moja tu: Ali alitunga au Bakari alitunga. Sasa iulizwe, je, Ali alitunga? Haiwezi kuthibitisha, kwa hiyo, chini ya dhana ya ulimwengu uliofungwa, Ali hakutunga. Je, Bakari? Haiwezi kuthibitisha, kwa hiyo Bakari naye hakutunga. Mashine sasa inashika kauli tatu kwa pamoja: mmoja wa hawa wawili alitunga, wa kwanza hakutunga, wa pili hakutunga. Huo ni mgongano mtupu, na katika mantiki ya kawaida penye mgongano kila kitu huthibitika, hata kwamba utenzi ulitungwa na karani wa maktaba. Reiter mwenyewe aliuona udhaifu huu na akaueleza katika makala yaleyale.

Wahifadhi wa taarifa wamekuwa na njia mbili za kulikwepa tatizo, na zote mbili zinaendelea kutumika. Ya kwanza ni kuchagua. Karani anaandika Ali, kwa kuwa jina hilo lilitajwa kwanza au kwa kuwa ukoo wake ndio uliokuja maktaba. Baada ya kizazi kimoja hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na chaguo. Tasnifu zinanukuu fahirisi, makala zinanukuu tasnifu, na ukoo wa Bakari unakuwa umenyang'anywa utenzi bila kesi wala hukumu. Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la kiufundi. Katika fasihi ambayo sehemu yake kubwa haikutiwa sahihi, na ambamo wanawake wengi walitunga na kunakili bila majina yao kuandikwa, chaguo la karani ni tendo la kihistoria.

Njia ya pili ni kuacha wazi. Codd alilijadili jambo hili kwa kirefu katika makala ya mwaka 1979 na kupendekeza alama maalumu ya thamani tupu, pamoja na mantiki ya thamani tatu: kweli, si kweli, na haijulikani. Lugha ya SQL, inayotumiwa na kanzidata nyingi hadi leo, ilirithi utaratibu huo. Unaonekana kuwa wa unyenyekevu, lakini una kasoro ambayo kila mwanafunzi anaweza kuijaribu mwenyewe. Mashine iombwe kuorodhesha miswada yote ambayo mtunzi wake ni Ali, pamoja na yote ambayo mtunzi wake si Ali. Mtu angetarajia ipate miswada yote iliyomo. Muswada wenye kisanduku tupu hautatokea. Mashine inalinganisha utupu na Ali, inapata "haijulikani"; inaulinganisha tena kwa kukanusha, inapata "haijulikani"; na "haijulikani" mbili zikiunganishwa kwa "au" bado ni "haijulikani". Muswada unatoweka katika jibu kana kwamba haumo maktabani.

Kuna hasara nyingine, nayo ni kubwa zaidi kwa mtafiti. Ikiwa Ali na Bakari wote wawili walikuwa watu wa Pate, basi utenzi ni wa mtu wa Pate, vyovyote iwavyo. Binadamu huifikia hitimisho hii bila jasho. Kisanduku kitupu hakiwezi kuifikia, kwa sababu kimetupa lile tulilolijua pamoja na lile tusilolijua. Kuchagua kunasema zaidi ya ushahidi, na kuacha wazi kunasema pungufu yake. Kauli yenye "au" ndiyo peke yake inayosema kiasi kilekile ambacho ushahidi unasema.

Jack Minker, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Maryland, alitoa mwaka 1982 suluhisho ambalo limekuwa msingi wa yaliyofuata. Hoja yake inaeleweka vizuri zaidi ikianzia kwenye dhana ya modeli. Modeli ni picha moja ya ulimwengu inayotosheleza kauli zote zilizoandikwa. Kwa utenzi wa mfano wetu ziko picha tatu: Ali peke yake alitunga, Bakari peke yake alitunga, wote wawili walitunga. Modeli ndogo kabisa ni ile isiyoweza kupunguzwa jambo hata moja bila kuvunja kauli mojawapo. Picha ya tatu si ndogo kabisa, kwa kuwa ukimwondoa mmoja bado kauli inasimama. Minker alipendekeza kwamba jambo lichukuliwe kuwa si kweli pale tu ambapo halimo katika modeli yoyote iliyo ndogo kabisa. Omari hamo katika yoyote. Kwa hiyo Omari hakutunga, na ukimya wa fahirisi unaendelea kufanya kazi yake ya kawaida. Ali yumo katika mojawapo. Kwa hiyo mashine haimkanushi wala haimthibitishi. Na kwa kuwa katika kila picha mtunzi ni mtu wa Pate, swali la Pate linajibiwa ndiyo.

Kutokana na hapo majibu ya kanzidata yanagawanyika mafungu mawili. Majibu ya hakika ni yale yaliyo kweli katika kila picha. Majibu yanayowezekana ni yale yaliyo kweli walau katika picha moja. Mtafiti anayeuliza orodha ya tungo za Ali anastahili kupewa orodha mbili, na kuambiwa ni ipi.

Mwanaisimu hapaswi kulipita neno "au" bila kusimama. Katika mantiki ya kawaida "au" hujumuisha: Ali au Bakari, na pengine wote wawili. Katika Kiswahili, "au" lenyewe huachia nafasi zote mbili, na muktadha ndio unaoamua. Anayeuliza mgeni kama atakunywa chai au kahawa hatarajii ajibiwe vyote viwili. Anayetangaza kwamba nafasi ya kazi ni kwa mwenye shahada au uzoefu hamfukuzi mwenye vyote. Muundo wa "ama... ama" huelekea zaidi kwenye kutenga. Utaratibu wa modeli ndogo kabisa nao, kwa tabia yake, huipendelea picha ya mmoja na kuisahau ile ya wote wawili. Kwa tarehe ya kunakiliwa hilo ni sawa, kwa sababu nakala haikumalizwa katika miaka miwili tofauti. Kwa utunzi si sawa hata kidogo. Tungo za kujibizana zina watunzi wawili, na utenzi unaweza kuanzwa na mmoja ukakamilishwa na mwanawe. Chiaki Sakama wa Japani alipendekeza mwaka 1989 namna ya kuhesabu modeli inayoibakiza picha ya wote wawili. Anayeunda fahirisi ya fasihi simulizi na andishi afikirie kwa makini ni "au" ipi anayoitaka katika kila kisanduku, mashine haitamkumbusha.

Utajiri wa jambo hili unaonekana zaidi katika ushairi, kwa sababu huko mashaka hayaji moja moja. Ichukuliwe mistari mitatu ambayo maneno yake ya mwisho, yakisomwa herufi kwa herufi, yanatoa kubu, jabu na tabu. Neno la kwanza linaweza kuwa kombo au kopo. La pili, jambo au japo. La tatu, tambo, tapo, au tabu yenyewe kwa maana ya taabu. Kwa hesabu ya kawaida zipo njia mbili mara mbili mara tatu, yaani 12, za kuisoma mistari hiyo. Lakini kila anayejua ushairi wa Kiswahili ataona mara moja kwamba njia 12 hazipo. Kina kinazizuia. Mistari inaishia ama kwa -mbo yote, yaani kombo, jambo, tambo, ama kwa -po yote, yaani kopo, japo, tapo. Usomaji wa -bu unaanguka, kwa kuwa maneno mawili ya kwanza hayana usomaji wa -bu unaoleta maana. Zimebaki njia mbili tu.

Wataalamu wa kanzidata huita sheria kama ya kina sharti la ukamilifu: haiongezi kauli mpya, bali huzifuta picha zisizolingana nayo. Mshairi wa pwani hakuweka vina na mizani kwa ajili ya kuwasaidia wasomaji wa hati isiyotofautisha p na mb, lakini ndivyo vilivyomsaidia msomaji kwa karne zote hizo. Tena, vina havipunguzi tu idadi ya njia. Vinazifunga pamoja. Akigundua mtafiti, kutokana na maana ya ubeti au nakala nyingine, kwamba neno la pili ni jambo, basi la kwanza na la tatu yameamuliwa papo hapo. Jedwali linaloweka visanduku vitatu, kila kimoja kikiwa na orodha yake ya maneno yanayowezekana, limeupoteza ufungamano huo, na litamruhusu mtu asome kombo, japo, tabu. Tomasz Imieliński na Witold Lipski walichunguza mwaka 1984 ni majedwali ya aina gani yanaweza kubeba taarifa pungufu bila kupoteza kitu yanapoulizwa. Walionyesha kwamba orodha na nafasi tupu hazitoshi. Kila mstari unahitaji kubeba sharti lake, la namna ya "mstari huu ni kweli iwapo kina ni -mbo". Majedwali hayo yenye masharti ndiyo yanayoweza kuhifadhi ubeti jinsi msomaji hodari anavyouona.

Gharama yake ni kubwa. Ukurasa wenye maneno 20 yenye usomaji wa aina mbili, yasiyofungamana, una picha 1,048,576. Yakiwa 40, picha zinapita trilioni moja. Thomas Eiter na Georg Gottlob walithibitisha katika miaka ya 1990 kwamba kanuni zenye "au", zinaposomwa kwa modeli ndogo, ni ngumu kwa ngazi moja zaidi kuliko kanuni zisizo na "au", na ugumu huo hautokani na uzembe wa watengeneza programu. Mashine ina kazi mbili zilizopandana: kwanza ibuni picha inayowezekana, kisha ithibitishe kwamba ndani ya picha hiyo hakuna nyingine ndogo zaidi. Hata hivyo mifumo inayofanya kazi hiyo ipo. DLV ulijengwa tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Vienna, Austria, na Calabria, Italia; baadaye Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani, kikatoa mfumo wa clingo. Kwa fahirisi ya miswada, ambayo mashaka yake mengi ni ya visanduku vichache kwa kila kipande, ugumu wa kinadharia haugeuki kuwa kisingizio.

Mwaka 1991 Michael Gelfond na Vladimir Lifschitz walichapisha makala iliyogusa jambo ambalo msemaji wa Kiswahili analibeba katika kitenzi. Walitofautisha ukanushi wa aina mbili. Wa kwanza unasema kwamba jambo si kweli. Wa pili unasema kwamba hakuna kilichothibitisha kuwa ni kweli. Mfano wao, walioupata kwa John McCarthy, ni wa basi la shule linalofika kwenye reli. Kanuni inayosema livuke iwapo haijathibitika kwamba treni inakuja ni ya hatari, kwa sababu dereva aliyezibwa macho na ukungu ataitii na kuvuka. Kanuni salama ni livuke iwapo imethibitika kwamba treni haiji.

Kiswahili kina -ja- ya ukanushi. "Hakufika" hufunga mlango. "Hajafika" huuacha wazi: hadi sasa hayumo, na huenda akaja. Si sawasawa kabisa na tofauti ya Gelfond na Lifschitz, kwa maana -ja- inahusu wakati na matarajio, ilhali wao walizungumzia ushahidi. Lakini ukiiweka juu ya kitenzi cha kuthibitisha, zinakutana: "haijathibitika kwamba Ali alitunga" na "imethibitika kwamba Ali hakutunga" ni kauli ambazo hakuna mzungumzaji atakayezichanganya, wakati fahirisi nyingi zinazichanganya katika kisanduku kimoja chenye neno "hapana". Istilahi za Kiswahili za taaluma ya kanzidata bado zinaundwa. Waundaji wake wangefanya vyema kuitumia -ja- hii badala ya kutafuta nomino ndefu ya kufasiri kila neno la kigeni.

Isiaminiwe kwamba haya yote ni nadharia ambayo Kiswahili kinaingojea. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katikati ya miaka ya 1980 kazi ya uchanganuzi wa Kiswahili kwa kompyuta, iliyokuja kuitwa SALAMA. Mchanganuzi wake wa maumbo ya maneno hakulazimishwa kuamua. Akikutana na neno "wake", hutoa usomaji wote: wingi wa mke, na kimilikishi kama katika "mtoto wake". Baada ya hapo huja kanuni za sarufi ya vizuizi, mtindo ulioasisiwa na Fred Karlsson, wa Helsinki vilevile, mwaka 1990. Kanuni hizo kwa kawaida haziulizi usomaji upi ni sahihi. Zinaondoa ule usiowezekana katika muktadha, na zina mwiko mmoja: usomaji wa mwisho uliobaki hauondolewi kamwe. Zikishindwa kuamua, neno linatoka likiwa na usomaji zaidi ya mmoja. Anayezoea matini zilizosafishwa hukereka kuona hivyo. Hata hivyo ndivyo matini zilivyo, na mtindo huo ni ndugu wa karibu wa modeli za Minker, ingawa ulianzia shina jingine.

Tarehe nazo zinahitaji maneno machache. Mwaka wa Hijria hauendi sambamba na wa Miladi. Mwaka 1275, ambao ndio unaotajwa kwa Utendi wa Mwana Kupona, ulianza Agosti 1858 na kumalizika mwishoni mwa Julai 1859. Muswada wowote wenye mwaka huo pasipo mwezi ni wa 1858 au 1859, na kuandika 1858 peke yake ni kuchagua. Kosa la mwaka mmoja linaweza kuonekana dogo, hadi mtu anapouliza kipi kilitangulia kati ya miswada miwili. Kwa Fumo Liyongo tofauti si ya mwaka bali ya karne kadhaa, na hakuna kisanduku cha tarehe kinachoweza kubeba mjadala huo kwa haki.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba kila usomaji upewe uzito wa tarakimu: bata asilimia kadhaa, mbata asilimia kadhaa, na mashine ichague mkubwa. Kanzidata za uwezekano zipo na zina manufaa pale hesabu ilipofanyika kweli. Lakini hesabu hiyo ingetoka wapi? Kongoo za Kiswahili zilizopo zina magazeti kwa wingi, na katika magazeti neno mbata ni nadra. Katika utenzi wa mtu aliyeishi kwa minazi si nadra vile. Uzito uliokopwa kutoka mazingira mengine ni uchaguzi wa karani uliovikwa vazi la hesabu, nao ni mbaya kuliko "au" ya wazi, kwa sababu msomaji atauamini.

Pingamizi la pili linatoka kwa watunza maktaba wenyewe, nalo lina uzito: watumiaji wanataka jibu moja. Kweli wanalitaka. Hakuna ubaya wa skrini kuonyesha kwanza usomaji ambao mhariri ameupendelea, mradi "au" ibaki hai nyuma yake na iweze kuulizwa. J. W. T. Allen alipochapisha mwaka 1970 orodha ya miswada ya maktaba ya Dar es Salaam, na Ernst Dammann alipotoa mwaka 1993 ile ya miswada iliyoko Ujerumani, waliandika maelezo kwa nathari, na nathari ina nafasi ya kusema "huenda" na "yasemekana". Kazi ya kuhamisha maelezo ya aina hiyo kwenye visanduku, kama ile iliyofanywa London kwa miswada ya SOAS katika miaka ya 2000, humlazimisha mfahirisi kuamua kila "huenda" iende wapi.

Lipo pia la kutochanganya "au" na ugomvi. Chanzo kimoja kinaposema "Ali au Bakari", chanzo hicho hakijui. Vyanzo viwili, kimoja kikisema Ali na kingine Bakari, vyote vinadai kujua, na kimojawapo kinakosea, au watungaji walikuwa wawili. Kuandika hali zote mbili kwa kauli ileile ya "Ali au Bakari" ni kuwafanya wenye yakini waonekane wenye shaka. Kila "au" katika fahirisi inapaswa kubeba jina la mwenye nayo: ni ya msimulizi, ya mnakili, au ya mfahirisi mwenyewe aliyeshindwa kusoma. Ile ya mwisho ndiyo nyingi kuliko zote, na ndiyo inayoweza kuondolewa siku akija msomaji bora.

Wapo waandishi waliojitahidi kuiondoa mapema. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890 na ambaye W. E. Taylor alimtegemea katika kukusanya tungo za Muyaka, aliongeza alama katika hati ya Kiarabu ili sauti za Kimvita zitofautishwe. Hati ya Kirumi iliyosanifiwa baadaye ilitatua mashaka ya p na mb, ikaleta mengine: paa la nyumba na paa wa porini, ambao katika lahaja za pwani wa pili hutamkwa kwa p yenye mpumuo, wanaandikwa sawasawa. Muswada wa Sikujua unapohamishwa katika hati ya Kirumi ya kawaida na kuingizwa katika mashine, alama zake zinafutwa, na "au" ambayo mwalimu huyo aliifunga kwa kalamu yake inafunguliwa upya.